Haki na Kadi

Neno "haki" tumelitwaa katika Kiarabu, haqq, na maana yake ya asili ni jambo la kweli lililothubutu. Al-Haqq ni katika majina ya Mwenyezi Mungu. Mali huuzwa, deni huhawilishwa. Lakini nasaba ya mtu na nchi aliyozaliwa atamhamishia nani?

Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, wa Garissa na kwingineko, waliamriwa wathibitishe uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi. Makabila mengine hayakuulizwa. (Nasi watu wa pwani twakijua kilio cha cheti cha babu.)

Katiba ya 2010, kifungu cha 19, yasema haki ni za kila mtu, wala hazikutolewa na Dola. Basi aliyenyimwa kadi ile haki yake haikwisha. Alizuiliwa asiitumie, naye angali mdai.