Insafu, Akili Unde na Ngozi ya Mjamzito

Hudhaniwa kwamba haki katika tiba ya ngozi hupatikana pale kila mjamzito anapopimwa kwa chombo kilekile, ilhali chombo chenyewe kina asili yake. Programu za akili unde, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kutambua maradhi kutokana na wingi wa picha ilizolishwa, hupangiwa rangi za watu mara nyingi kwa kipimo cha rangi ya ngozi cha daktari Thomas Fitzpatrick cha mwaka 1975, ambacho kilibuniwa kwanza kwa ajili ya ngozi nyeupe, ngozi nyeusi zikaongezwa baadaye. Hata nje ya tiba, mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipochunguza programu zinazotambua jinsia kwa kutazama sura, makosa yalifika asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, alitaja insafu, yaani busara inayoirekebisha sheria pale ujumla wake unapokosea, akaifananisha na rula ya risasi ya waashi wa Lesbos iliyojipinda kufuata umbo la jiwe. Wengi huona kwamba, kwa akili unde, rula hiyo ni kuongeza picha za ngozi nyeusi, ambamo wekundu unaotajwa vitabuni huonekana zambarau au kijivu. Na ni kweli zinahitajika, ila hazitoshi.

Upo, kwa mfano, ugonjwa wa ujauzito ambamo nyongo hukwama ndani ya ini, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, na mama huwashwa viganja na nyayo, usiku zaidi, bila kipele chochote isipokuwa alama za kucha zake mwenyewe. Picha ya kiganja hicho haina la kusema, mama awe mweupe au mweusi. Kinachosema ni damu, kwani asidi za nyongo zikifika maikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Mwanafalsafa Miranda Fricker, mwaka 2007, alieleza dhuluma anayotendewa mtu ambaye neno lake hupunguziwa uzito kwa sababu ya jinsi anavyodhaniwa kuwa, na mjamzito anayeambiwa kwamba mwasho ni mambo ya mimba tu anaijua dhuluma hiyo hata kabla ya kompyuta kuingia zahanati. Programu yenye insafu, basi, ingemuuliza kuhusu mwasho kabla ya kumwomba picha, kisha imwelekeze akapimwe damu. Na pale ambapo maabara ya kipimo hicho haipo karibu, deni la kuileta ni la serikali, wala si la mashine.