Sifa Alizopewa Guni

Mcheza kwao hutunzwa, husema watu wa mwambao, na aghalabu methali hiyo hutajwa kana kwamba ni kanuni isiyokwenda upogo. Wako hata hivyo waliocheza kwao wakarushiwa makopo. Mwaka 1968, katika mji wa Exeter, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, dada watatu wa ukoo wa Wiggin walipanda jukwaani katika shindano la vipaji, wakapiga magitaa na ngoma, wakaimba. Yasimuliwa kwamba vijana waliohudhuria waliwazomea na kuwatupia makopo ya soda. Baba yao hakutetereka. Aliwarudisha nyumbani Fremont, mji mdogo ulio jirani na hapo, akawaambia wazidishe mazoezi.

Dada hao walikuwa Dorothy, aitwaye Dot kwa ufupi, aliyetunga nyimbo, kuziimba na kupiga gitaa. Betty, aliyempokea kwa sauti na kwa gitaa la pili. Na Helen, mpiga ngoma. Wa nne, Rachel, alijiunga nao mara kwa mara na gitaa la besi. Bendi yao ikaitwa The Shaggs. Baba, Austin Wiggin, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, na wala hakuwa mwanamuziki. Alichokuwa nacho ni utabiri. Mama yake mzazi alikuwa akisoma viganja, na alipokuwa kijana alimwambia mambo matatu: kwamba ataoa mwanamke mwenye nywele za rangi ya wekundu uliofifia, kwamba atapata watoto wawili wa kiume baada ya yeye bibi kufariki, na kwamba binti zake wataunda bendi itakayopata jina. Mawili ya mwanzo yakatimia. La tatu Austin hakulingoja. Aliwatoa binti zake skuli, akawanunulia ala, akawalipia masomo ya muziki, akawapangia saa za mazoezi ambazo hazikubakisha nafasi ya ujana. Hapa mwambaoni, ambako ramli na nyota hazijawahi kukosa wateja, huenda wapo watakaomwelewa mzee huyo upesi kuliko walivyomwelewa majirani zake wa Fremont. Tofauti ni kwamba mwenye kupigiwa ramli kwa kawaida hukaa akaisubiri.

Kila Jumamosi usiku, kwa miaka kadhaa hadi 1973, wasichana hao walipiga katika ukumbi wa mji wa Fremont. Na mwezi Machi 1969 baba yao aliwapakia garini akawapeleka studio ya Fleetwood, iliyoko Revere, jimbo la Massachusetts, akalipia kurekodiwa kwa albamu nzima. Ikaitwa Philosophy of the World, yaani Falsafa ya Dunia, jina zito kwa wasichana waliokuwa hawajaiona dunia isipokuwa barabara ya kutoka Fremont kwenda Revere.

Msikilizaji aliyezoea vina na mizani akiisikia santuri hiyo kwa mara ya kwanza hukunja uso. Magitaa hayakubaliani na sauti za waimbaji, wala hayakubaliani yenyewe kwa yenyewe. Gitaa hufuata kila silabi ya neno, likipanda linapopanda na kushuka linaposhuka, kama mtu anayehesabu mizani kwa vidole huku kila mshororo ukiwa na idadi yake. Ngoma nayo huenda njia yake, na mara nyingine huonekana kama imesikia wimbo mwingine katika chumba kingine. Maneno ni mepesi mno. Wimbo mmoja ni wa paka aliyepotea. Mwingine wasema binadamu haridhiki na alichonacho. Na mwingine wawasifu wazazi, eti ndio pekee wasiomwacha mtu. Kwa lugha ya watungaji wa kale, kila wimbo katika albamu hiyo ni guni.

Nakala 1,000 zilichapishwa. Yasemwa kwamba 900 kati ya hizo zilipotea pamoja na mtu aliyepewa kazi ya kuzitoa, na zilizofika mikononi mwa familia ni 100 tu. Mwaka 1975 Austin Wiggin alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Bendi ikafa naye. Dada hao wakaolewa, wakazaa, wakatafuta kazi za kawaida, na magitaa yakakaa kimya.

Kisha sifa zikaja, na zilitoka mbali. Mwaka 1980 Terry Adams wa bendi ya NRBQ, aliyekuwa ameisikia ile santuri ya zamani, alifanikisha kutolewa kwake upya. Mhakiki Lester Bangs, mmoja wa waliosomwa sana Marekani katika fani hiyo, aliisifu mwaka 1981 katika gazeti la Village Voice la New York, akiwaweka dada hao mbele ya Beatles. Kauli kama hiyo pia husemwa kuwa ya Frank Zappa, ingawa wapo wenye shaka kwamba aliitamka. Kurt Cobain aliitia albamu hiyo katika orodha ya albamu 50 alizozipenda kuliko zote. Mwaka 1999 jarida la The New Yorker lilichapa makala ndefu ya Susan Orlean juu ya wasichana wa Fremont, na mwaka 2011 mchezo wa kuigiza wa nyimbo uliotungwa kwa maisha yao ulionyeshwa New York. Waliozomewa karibu na kwao wakatunzwa ugenini.

Je, walichotunzwa ni kile walichokicheza?

Swali hili si la muziki peke yake. Sifa, kwa asili yake, ni malipo: mtu hujitahidi kufikia jambo, akalifikia, na mwenzake akashuhudia kwamba amelifikia. Hata senti anayotuzwa mwimbaji wa taarabu ukumbini hubeba maana hiyo. Mwenye kutunza huinuka kwa sababu neno limempata pale alipokusudiwa kupatwa. Sifa walizopewa The Shaggs, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za namna nyingine. Walisifiwa kwa kutojua. Wahakiki waliandika juu ya usafi wao, juu ya moyo usioharibiwa na ufundi, na wengine walicheka waziwazi ndipo wakasifu. Watu wa mwambao wanajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa dada wa Fremont mambo yalipinduka: mgema alisifiwa kwa hayo maji yenyewe, naye alidhani ameleta tembo.

Katika fasihi ya Kiswahili hoja hii imewahi kugombewa kwa upande mwingine. Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alitaka mtungaji ajue mpaka uko wapi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alivuka mpaka huo macho wazi, na waliomshutumu walimshutumu kwa alilolikusudia. Ugomvi ulikuwa mkali, lakini ulikuwa wa haki: pande zote mbili zilijua kanuni ni ipi na ni nani aliyeiacha. Mwenye guni hana bahati hiyo. Yeye huamini yumo ndani ya mizani. Ukimwambia, "Umeleta shairi huru zuri ajabu," hukumsifu. Umemfahamisha kwa adabu kwamba alilolifanya yeye hukulisikia.

Lakini je, Dot Wiggin ni mwenye guni? Liko jambo husimuliwa kuhusu ile siku ya studio, nalo lina uzito kuliko sifa zote za wahakiki. Wasichana wakiwa katikati ya wimbo, mmoja wao angesimama, akasema kwamba kuna aliyekosea, na wote wakaanza upya. Mafundi nyuma ya kioo hawakuweza kujizuia kucheka, kwa maana kwao hapakuwa na namna ya kulitambua kosa ndani ya makosa. Waliocheka hawakutafakari. Penye kosa pana kanuni, asiye na mizani hawezi kusema, "Hapa mizani imepungua." Wale wasichana walikuwa na kipimo, walikijua wote, na aliyekitoka alijulikana. Kipimo hicho hakikuwa cha Beatles wala cha mwalimu wa muziki wa Exeter. Kilizaliwa katika nyumba iliyofungwa, baina ya watu ambao kwa miaka hawakupiga na mtu mwingine. Lahaja huzaliwa hivyo hivyo, na msemaji wa lahaja akiambiwa amekosea lugha hustaajabu.

Ushahidi wa jambo hili umekuja baadaye. Dot na Betty waliporudi jukwaani uzeeni, wanamuziki waliosomea kazi yao walipaswa kujifunza nyimbo zile pigo kwa pigo ili waweze kuwasindikiza. Kosa la bahati mbaya halifunzwi hivyo. Kwa hiyo yupo msikilizaji anayeweza kuwasifu kwa haki: ni yule aliyevumilia kusikiliza mara nyingi hata akafika mahali ambapo, wimbo ukiyumba, yeye mwenyewe angejua ni nani aliyekosea. Wasikilizaji wa namna hiyo ni wachache, na si wao waliopiga makelele.

Deni lingine halilipwi kwa hoja hii. Dada hao hawakuichagua bendi. Walipohojiwa baada ya miaka mingi hawakuficha kwamba fikra ilikuwa ya baba yao na kwamba nyumbani kwao neno la baba halikujibiwa. Mwenye kuusikia wimbo wa kuwasifu wazazi, huku akijua hayo, hushindwa kuamua anasikia nini: moyo wa binti, au binti anayejua nani amesimama nyuma ya kioo. Huenda ni vyote viwili. Binti wengi wa mwambao pia wasingeweza kuvitenganisha. Na hapa pana mwiba. Kila mhakiki anayeandika kwamba Philosophy of the World ni kazi kubwa humthibitishia Austin Wiggin kwamba hakukosea. Kiganja kilisema bendi itapata jina, na jina limepatikana. Zile saa za mazoezi, ile skuli iliyokatizwa na zile Jumamosi zote huanza kuonekana kama gharama halali ya kitu chenye thamani. Hazikuwa halali. Ua lililoota kwenye ukuta uliobomoka ni zuri, na uzuri wake haumwondolei lawama aliyeubomoa. Anayewasifu binti hao na asiseme neno juu ya baba amempa baba nusu ya tunzo.

Iko pia habari ya rekodi za mwaka 1975. Mwaka huo, kabla baba hajafariki, dada hao walirudi studio ya Fleetwood. Walikuwa wamepiga pamoja miaka mingi. Mikono ilikuwa imezoea, magitaa yalikaribiana na sauti, na ngoma ilikumbuka wimbo ni upi. Rekodi hizo zilitolewa mwaka 1982. Wapenzi wa ile ya kwanza walizipokea kwa baridi, na hadi leo hutajwa kama nyongeza tu. Kwa maneno mengine, walipokaribia lile walilolitaka tangu mwanzo, watu waliacha kuwashangilia. Mtu mzima anayefurahia mtoto akisema "lafiki" badala ya "rafiki" hana ubaya, mradi siku mtoto akilipata neno naye afurahi vilevile. Akinuna, itajulikana kwamba siku zote hakumpenda mtoto bali mchezo wake mwenyewe. Wengi wa waliowatukuza The Shaggs walinuna. Wapo wasemao kwamba ladha ni ladha, na hakuna anayelazimika kupenda santuri ya pili kwa sababu aliipenda ya kwanza. Ni kweli, wala hakuna ubishi hapo. Lakini aliyeandika kwamba anawapenda wasichana hao kwa moyo wao hawezi kujificha nyuma ya ladha, kwa kuwa mwaka 1975 moyo ulikuwa ule ule, na kilichobadilika ni vidole.

Helen alifariki mwaka 2006. Mwaka 2017 Dot na Betty waliimba katika tamasha la Solid Sound, huko North Adams, Massachusetts, mbele ya umati ambao ukumbi wa Fremont usingeweza kuubeba. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Dot alikuwa ametoa albamu yake na bendi mpya, ikiwa na nyimbo alizozitunga mwenyewe, zikiwamo za enzi ya The Shaggs ambazo hazikuwahi kurekodiwa. Baba yake alikuwa amekufa miaka 38 iliyopita. Hakuna aliyempakia garini siku hiyo. Wahakiki waliandika machache juu ya albamu hiyo.