Madaraka Ni Amana ya Nani?

Ndani ya sanduku langu la bati, chini ya vitenge, nimehifadhi kaunta buku lenye mgongo mwekundu. Ni daftari la kamati ya maji ya kijiji chetu, nami nilikuwa katibu wake kwa miaka saba. Kila ukurasa una safu tatu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Ndoo moja tulilipia shilingi 20. Kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa kuna salio, shilingi 412,600, na pembeni pana alama ya muhuri wa kijiji, duara la zambarau ambalo sasa limefifia. Kurasa zinazofuata hazijaandikwa kitu.

Mwaka wa ukurasa huo wa mwisho, 2009, kijiji chetu kilitangazwa kuwa mji mdogo. Tulipiga vigelegele. Tuko kando ya barabara kuu, malori yanalala hapa, soko la mahindi na alizeti limekua, nyumba za wageni zimeongezeka, tuliona tumestahili. Siku chache baadaye akaja kijana kutoka wilayani, mwenye adabu zake, akasema ametumwa kuchukua muhuri. Mwenyekiti wetu aliufuta wino kwa leso, akautia kwenye bahasha ya kaki, akaipiga gundi. Kijana akasaini, akapanda pikipiki, akaondoka. Hakuna aliyelia. Hatukujua tumekabidhi nini.

Tulijua mwezi wa tatu baadaye, mpira wa ndani ya bomba la mkono ulipokatika. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya siku mbili: kamati inakaa jioni, mmoja wetu anapanda basi alfajiri, kesho yake fundi anafungua bomba. Safari hii fedha zilikuwapo benki, lakini akaunti ilikuwa ya kijiji, na waliotakiwa kutia saini walikuwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Kijiji hakipo, saini haipo. Tukaandika barua kwa mtendaji wa mji mdogo, naye akaipeleka wilayani, na wilayani wakaiingiza kwenye maombi ya bajeti ya mwaka unaofuata. Kila niliyemwendea alinisikiliza kwa heshima, na kila mmoja alinieleza ukweli kwamba jambo lile haliko mikononi mwake. Kwa miezi minane wanawake wa mtaa wetu walichota maji mtoni. Mpira wenyewe ulikuwa unauzwa shilingi 38,000.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Ile haki ya kununua mpira wa bomba letu kwa fedha zetu ilitoka wapi hapo mwanzo, hata ikaweza kuondoka ndani ya bahasha?

Wanasheria wana jibu lao, na nimelitafuta. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji ikishasajiliwa inakuwa chombo chenye nafsi yake. Inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Juu yake upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mji mdogo umegawanywa katika vitongoji, na kitongoji hakina nafsi hiyo. Kina mwenyekiti tunayemchagua, na mwenyekiti huyo anaingia kwenye halmashauri ya mji mdogo, ambayo nayo bajeti yake inapitia wilayani. Kwa hiyo tulipopanda cheo tulipoteza mkutano mkuu. Tulikuwa nafsi, tukawa eneo.

Neno hilo, nafsi, linanisumbua kwa sababu nimelifundisha pia kanisani, kwenye mafundisho ya kipaimara. Nafsi ya mtu haitolewi na karani. Je, nafsi ya watu wanaoishi pamoja, wanaozikana, wanaochota maji kisima kimoja, hutolewa na karani? Ikiwa ndivyo, anaweza kuichukua wakati wowote. Ikiwa sivyo, basi muhuri ulikuwa ushahidi tu wa kitu kilichokuwapo kabla yake, na aliyeuondoa alikosea akidhani ameondoa kitu chenyewe.

Marehemu baba yangu alilijua jambo hili kwa uchungu. Alikuwa diwani. Nikiwa binti wa miaka 15 nilimwona akirudi kutoka kikao cha mwisho, baiskeli ameikokota badala ya kuipanda. Ilikuwa 1972, mwaka wa Madaraka Mikoani. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Njia iliyochaguliwa ikawa kuzifuta halmashauri za wilaya na kuwatuma watumishi na wataalamu wa Serikali Kuu waende kupanga maendeleo huko huko mikoani na wilayani. Mabaraza ya miji nayo yakafutwa, na huduma za mijini zikaporomoka hata ikabidi yarudishwe mwaka 1978. Halmashauri za wilaya zilisubiri sheria za 1982, zikaanza kazi tena 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo, kama angeanza upya, asingeyafanya. Baba alipoisikia habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mtu mkubwa ni yule anayeweza kusema hivyo."

Kosa la 1972 halikuwa la watu wabaya. Lilitokana na imani kwamba madaraka ni mali ya walio juu, na wema wao ni kuyashusha. Imani hiyo ni ya zamani sana, na hata Musa aliikuta.

Habari ya Yethro wengi tumeihubiriwa. Katika Kutoka sura ya 18, mkwewe Musa anamkuta ameketi toka asubuhi hadi jioni akiamua kesi za umma mzima, anamwonya kwamba atachoka yeye na watu wake, na anamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Tukiwa watoto wa TANU tulifurahi kuisikia, maana sisi nasi tulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Lakini niliposoma Kumbukumbu la Torati sura ya kwanza, mahali Musa mwenyewe anaposimulia habari hiyohiyo uzeeni, nilisimamisha kidole kwenye mstari. Katika Kutoka, Musa ndiye aliyechagua. Katika Kumbukumbu, Musa anawakumbusha watu kwamba aliwaambia wao watoe watu wenye hekima na wanaojulikana katika makabila yao, nao wakakubali, ndipo akawaweka kuwa wakuu.

Maandiko yamezihifadhi simulizi zote mbili, na sioni kwamba zinapigana. Mwenye mzigo mzito anaona anagawa mzigo wake. Akizeeka, akitazama nyuma, anatambua kwamba wenye watu ni watu wenyewe.

Katiba yetu nayo ina mistari miwili ya namna hii. Ibara ya 146 inasema lengo la kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata madaraka yake yote kutoka kwao. Nikizisoma pamoja nakwama penye neno "kupeleka". Humpelekei mtu kilicho chake. Unamrudishia.

Nilimweleza haya jirani yangu, shehe wa msikiti wa sokoni, tukiwa tumekaa kibarazani kwake. Hakushangaa. "Mwalimu, sisi hili tunaliita amana," alisema. "Katika Sura An-Nisaa, Mwenyezi Mungu anatuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe, na papo hapo anaamuru tukihukumu tuhukumu kwa uadilifu. Mambo mawili, aya moja." Nilishika la kwanza, maana ndilo nililolitaka. La pili lilinijia usiku, na halikuniacha nilale.

Kwa sababu mimi naijua dhambi ya mkutano mkuu. Kiangazi kimoja maji yalipungua. Ng'ambo ya korongo walikuwa wamehamia watu wa kaya kama ishirini, wakimbizi wa ukame, wanaolima vibarua. Katika mkutano mkuu mtu mmoja akatoa hoja kwamba wageni wachote baada ya wenyeji kumaliza. Mikono ikanyooka kama mtama. Mtendaji alikuwa masomoni, nami niliombwa kuandika muhtasari. Mama mmoja wa ng'ambo, mtoto mgongoni, alikuwa amesimama nje ya duara, karibu na shina la mwembe. Aliomba kusema. Mwenyekiti akamwambia muda umekwisha. Wenyeji walimaliza kuchota saa mbili usiku, na bomba lilifungwa saa mbili usiku.

Yule mama alitembea hadi wilayani. Baada ya siku tisa alikuja ofisa, akaitisha mkutano, akatusomea kwamba hatuna uwezo wa kumnyima mkazi maji. Tulinuna. Tulisema wilaya inatuingilia. Leo naona kwamba siku ile mkono wa mbali ulikuwa mkono wa haki, na sisi wa karibu tulikuwa ndio madhalimu. Wazee husema penye wengi pana Mungu. Siku ile wengi tulikuwa chini ya mwembe, naye Mungu alikuwa upande wa mtu mmoja aliyesimama nje ya duara.

Basi nisije nikaeleweka kwamba nataka wilaya ifutwe, au kwamba udogo ni utakatifu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ni kweli. Lakini wanaolala kitanda kimoja pia husukumana, na aliye dhaifu huanguka chini. Hata Yethro hakumwambia Musa aache kuamua. Alimwambia kesi nzito zije kwake. Kanisa langu lina jina la kanuni hii, auni. Papa Pio wa 11 aliieleza mwaka 1931 katika waraka wa Quadragesimo Anno: jambo ambalo jumuiya ndogo inaliweza, ile kubwa isiinyang'anye, na kazi ya ile kubwa ni kuisaidia ndogo isimame. Ndivyo tunavyojaribu kuishi katika jumuiya zetu ndogondogo, ambako mgonjwa hutembelewa na wa nyumba ya tatu kabla paroko hajapata habari.

Kwa hiyo wanaokaa kupanga upya muundo wa miji kama wetu nawaomba wapime kila cheo na kila kikao kwa maswali mawili. La kwanza ni la amana: nani anaweza kununua mpira wa bomba bila kuomba ruhusa, na nani anaweza kumsimamisha mbele za watu amwonyeshe risiti? La pili ni la uadilifu: aliyenyimwa nafasi ya kusema anakwenda wapi, na ni mbali kiasi gani kwa mama mwenye mtoto mgongoni? Kitongoji kipewe nafsi yake na mkutano wenye nguvu juu ya fedha zake. Sehemu ya ushuru ibaki pale unapokusanywa. Mtendaji aajiriwe na wilaya, lakini atoe hesabu chini ya mwembe. Nayo wilaya iache kuwa jiko la kila chungu, iwe mahali pa kukatia rufaa.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni. Kijana wa ushuru, niliyemfundisha darasa la nne, alikuwa anapita na mashine yake ya POS. Akamtoza muuza mchicha, mashine ikatema karatasi nyembamba. Aliponiona akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamuuliza fedha ile inakwenda wapi. Akatazama kioo cha mashine kama anayetafuta jibu la kweli, akasema, "Inakwenda kwenye mfumo, Mwalimu." Muuza mchicha akaikunja risiti, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Niliporudi nyumbani nilifungua sanduku. Ule muhtasari wa kiangazi nao umo, umekunjwa ndani ya kaunta buku. Nilikuwa na hati nzuri. Agenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, taarifa ya maji. Ya tatu, zamu za kuchota. Habari ya yule mama niliiandika kwa mstari mmoja, bila jina, kwenye mengineyo. Siku tutakaporudishiwa mkutano wetu, naomba hapo ndipo tuanzie.