Je, Kupanga Uzazi ni Kukosa Imani?



Miaka kadhaa iliyopita, dada mmoja wa ushirika wetu alinishika mkono nje ya kanisa baada ya ibada. Alikuwa na watoto watatu, wa mwisho hata hajaanza kutembea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikidungwa ile sindano ya kupanga uzazi, nitakuwa nimemkosea Mungu?" Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Dada, wewe omba tu. Mungu ndiye hupanga."

Aliomba. Akapata mimba mwaka huo huo, na siku ya kujifungua alivuja damu nusura tumpoteze. Nilipokaa kando ya kitanda chake, hakunilaumu. Lakini jibu langu lilinilaumu. Nilikuwa nimempa haraka yangu, nikaiita imani.

Tangu siku hiyo nimelitafakari sana swali lake. Tunasema watoto ni urithi wa Bwana, kama tunavyosoma katika Zaburi 127. Amina. Lakini urithi ni wa kutunzwa. Mtu akirithi shamba, hapandi bila kuangalia mvua. Na Yusufu kule Misri, alipojua njaa inakuja, hakukaa tu akingoja muujiza. Aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Nani atasema Yusufu hakuwa na imani? Mungu aliyempa kufasiri ndoto ndiye aliyempa pia akili ya kupanga ghala.

Mwili wa mama nao una msimu wake. Shirika la Afya Duniani linashauri wazazi wangoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa ajili ya afya ya mama na mtoto.

Sisemi juu ya kutoa mimba. Hilo ni jambo lingine, na msimamo wetu unajulikana. Nasema juu ya mume na mke kukaa chini mapema na kuulizana: Je, tuko tayari? Afya yako iko aje? Na karo ya hawa tulio nao?

Hapa wanaume naomba mnisikie. Dada yule aliniuliza mimi kwa sababu nyumbani hakuweza kuuliza. Mke akilazimika kwenda kliniki kwa kujificha, shida si sindano. Shida ni kwamba wawili walioitwa mwili mmoja hawaongei.

Na sisi washirika tuna kosa letu. Kila Jumapili tunawauliza waliooana juzi, "Mtatuletea mtoto lini?" Kumbe mwingine analia usiku akimngoja huyo mtoto, na wengine wamekubaliana wangoje kwanza. Si kazi yetu kuwahesabia miezi.

Wiki hii, mume na mke, tafuteni jioni moja. Zimeni simu, ombeni, kisha ongeeni. Mkiwa na maswali ya kiafya, nendeni kliniki pamoja, muuguzi awaeleze njia zilizopo na madhara yake, halafu mwamue nyinyi wawili mbele za Mungu.

Nami nikishikwa mkono tena nje ya kanisa, sitakuwa na haraka.

Mungu awabariki.