Mwanangu, Bahari Haina Kiingilio

Kaa kidogo, mwanangu. Najua una haraka. Siku hizi hata chai mnakunywa mmesimama.

Umeniambia unatamani kwenda Unguja, lakini ukishalipa nauli ya boti hubaki na kitu. Umesema heri usubiri mpaka upate kazi nzuri. Mimi nakwambia usisubiri. Nimezaliwa Makunduchi, nimeolewa mjini, na mjini ndiko nilikozeekea. Mambo yaliyonifurahisha zaidi katika kisiwa kile, hakuna hata moja nililolikatia tiketi.

Lakini nielewe vizuri. Asiye na fedha hulipa kwa kitu kingine. Unguja utalipa kwa muda na kwa adabu. Hivyo viwili vikikupungukia, hata ukija na dola utarudi mikono mitupu.

Nawaona wageni wanavyokuja. Asubuhi wako kisiwa cha Changuu, mchana wako msitu wa Jozani, alasiri wako kwenye mashamba ya viungo. Jioni wanafika ufukweni wamechoka, macho kwenye saa. Mahali pote hapo ni pazuri, na ukijaliwa nenda. Ila siku inakwisha hawajasalimiana na mtu wakamjua jina. Roho inaniuma nikiwaona.

Wewe anza na bahari. Bahari haina kiingilio. Ina saa zake tu, na saa hizo haziko kwenye simu yako.

Mpwa wangu mmoja alikuja kutoka Dar es Salaam. Akapanda gari ya shamba, daladala ya kwenda vijijini, pale sokoni Darajani mapema, akaenda Jambiani kuoga. Akafika ufukweni saa nne hivi. Maji hakuna. Mchanga na majani ya bahari mpaka kule kwenye mwamba, mawimbi yanakopasuka. Akaudhika, akageuza na gari ya kwanza iliyopita. Aliporudi nilimuuliza: wale kina mama waliokuwa wameinama kule mbali, walikuwa wakifanya nini? Akanijibu hakuwaona. Nilisikitika, maana siku ile ndiyo bahari ilikuwa imemfungulia mlango.

Basi sikiliza, nikupe elimu ambayo kwetu mtoto huipata kabla hajaanza skuli. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua. Maji hupwa sana, kisha hujaa sana. Kwetu, siku za bamvua maji hupwa asubuhi, mnamo saa nne, na hujaa alasiri, saa kumi hivi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja huja maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana wala haijai sana. Kwa hiyo kabla hujapanga safari, toka nje usiku uangalie mwezi. Hilo nalo ni bure.

Ukifika Jambiani, Paje au Bwejuu asubuhi ya bamvua, vaa viatu vya zamani uteremke. Chini kuna mawe makali na viumbe weusi wenye miiba mirefu. Tembea taratibu. Utaona mashamba ya mwani: vigingi vimekitwa mchangani, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, vishada vya mwani vinaning'inia. Kilimo hiki kilianza pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Wamesomesha watoto kwa kamba hizo. Usizikanyage. Usipige picha kabla ya kuomba. Toa salamu, kisha kaa kimya uangalie mikono yao. Mwani mbichi ni mzito sana. Ukimwona mama anavuta gunia kwenda pwani, shika upande wa pili. Ukishabeba gunia la mtu, si mtalii tena machoni pake. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Mbele zaidi utawakuta wanaotafuta pweza. Bibi yangu alinifundisha. Hakuwa akimtafuta pweza mwenyewe, maana pweza hujibadili rangi akafanana na jiwe. Alikuwa akiangalia mlango wa shimo. Ukiona vijiwe vimerundikwa na maganda ya kaa yametapakaa, ujue mwenyewe yumo ndani. Amekula, ametupa taka nje. Nilikuwa mtoto mwenye pupa, nikikimbia kutoka jiwe hadi jiwe. Bibi alinishika bega akanisimamisha mahali pamoja. Tukasimama. Nikaanza kuona: kaa wadogo, viti vya pweza, jongoo bahari amelala kama soksi iliyodondoka. Vyote vilikuwepo tangu mwanzo.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Maji yakianza kujaa, hayaji kutoka mbele yako peke yake. Hujaza kwanza mikondo iliyoko nyuma yako, kati yako na pwani. Kina mama wakigeuza, nawe geuza. Usingoje picha moja zaidi.

Alasiri bahari ikijaa, oga. Mchanga ule ni wa watu wote, vitanda na miavuli ni vya hoteli. Pita kwa salamu, tandika kanga yako pembeni, hakuna atakayekuondoa. Ukiingia kijijini, jistiri. Nguo ya kuogea ina mahali pake.

Na njiani, mwanangu, usilale. Gari za 309 na 310 za kwenda kusini hupita kando ya msitu wa Jozani. Kaa dirishani. Kima punju, wale wenye mgongo mwekundu, huvuka barabara pale, na dereva hupunguza mwendo kuwapisha. Kwa nauli ileile ya daladala unaweza kuwaona, nao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar.

Sasa mjini. Mji Mkongwe usiutembelee na ramani. Vichochoro vyake vitakupoteza, nawe kubali kupotea. Ukitembea kidogo utatokea baharini au utatokea Darajani, kisha utaanza upya. Tazama milango. Weka jicho karibu na mti. Utaona mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, mawimbi, samaki, maua. Katika mingine, juu kabisa, kuna aya na mwaka wa Hijria. Fundi alikaa na kipande kile cha mti siku nyingi kuliko likizo yako nzima. Mpe japo dakika chache.

Wala usiseme haya utayaona mwakani. Jumba la Beit el-Ajaib lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Mimi nimepita mbele yake umri wangu wote, nikiamini litanizika. Desemba 2020 sehemu yake ya mbele ikaporomoka, na watu wakapoteza maisha. Usiku ule mji ulikaa matanga. Wengi wetu tulikuwa tukisema tutakwenda tukae pale barazani, tupunge upepo, siku nyingine. Mwanangu, siku nyingine si ahadi ya mtu yeyote.

Asubuhi nenda ukasikilize mnada wa samaki. Jodari, nguru, kolekole na changu wamepangwa, dalali anaita bei kwa kasi kiasi kwamba mgeni hajui nani kanunua. Simama pembeni usiwazibe njia, maana wenzio wako kazini.

Jioni tafuta watu wanaocheza bao. Utawakuta barazani au chini ya mti. Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko pote. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na sehemu hiyo huitwa namua. Mkono ukiwa mtupu, wanaingia mtaji. Baba yangu alikuwa akicheza chini ya mwembe kule Makunduchi. Mimi nilitumwa kupeleka kahawa, nikawa nachelewa kurudi makusudi. Nilisimama nyuma yake nikiangalia vidole vikimwaga kete, moja moja, haraka, bila kuhesabu. Mwanzo sikuelewa kitu. Baadaye nikaanza kujua atakamata wapi kabla mkono haujafika. Sikufundishwa na mtu. Nilifundishwa na kule kuangalia.

Ukikaa pale, usiulize maswali mchezo ukiwa moto. Usimwonyeshe mchezaji njia. Ngoja wamalize. Mzee mmoja atakugeukia akuulize umetoka wapi. Ukijibu vizuri, utapewa historia ya mtaa mzima, na hutadaiwa chochote. Soko Muhogo, pale Jaws Corner, wanaume hukaa na kahawa, dhumna na siasa mpaka usiku. Kahawa ni sarafu chache. Kama huna hata hizo, kaa tu. Baraza ya jiwe haina mwenye kukata risiti.

Jua likielekea kuzama, nenda Forodhani. Vijana hukimbia kwa zamu wakajirusha baharini kutoka ukutani, mmoja kwa kichwa, mwingine amejikunja kama mpira, wanavyojua wao. Wanapanda, wanarudia. Baadaye, ukipita mitaani usiku ukasikia fidla na ganuni dirishani, simama. Huenda ni mazoezi ya taarabu. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na taarabu mjini kwetu haijanyamaza tangu hapo. Mazoezi yana utamu ambao onyesho halina. Wanakosea, wanacheka, wanaanza tena.

Ukiweza, chagua mwezi wa Julai mwishoni, uje kwetu Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, wamalize kinyongo cha mwaka mzima, wasiuvuke nacho. Wanawake huimba wakizunguka wamevaa nguo zao bora. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Nyumbani kwetu siku ile mama alipika chakula kingi kuliko tuliokuwepo, akatutuma njiani kutafuta mgeni. Nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka ilionekana imepungukiwa. Usishangae basi mtu usiyemjua akikuvuta mkono ukale. Na ukiwa Unguja mwezi wa Ramadhani, mchana usile mbele za watu. Magharibi ikiadhiniwa utasikia mtu akikuita kutoka kwenye mkeka: karibu futari. Nawa mikono, kaa. Muhogo wa nazi unaoliwa hivyo ni mtamu kuliko wa hoteli yoyote.

Hapa sasa ndipo ninapotaka uniangalie usoni. Bure si ruhusa ya kuwa mzigo. Wanaokukaribisha si matajiri. Sahani ile huenda imepunguzwa kwa watoto. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje siku ya tatu. Menya muhogo, teka maji, fagia uani, msomee mtoto kitabu chake cha skuli. Ukienda shamba, nunua hata nusu kilo ya sukari, maana mkono mtupu haulambwi. Ukila, uliza jina la aliyepika, umshukuru kwa jina lake. Na usichukue kombe wala matumbawe kutoka baharini kwa kuwa tu hakuna anayeuza. Viache viwe makazi ya wenyewe.

Salamu usizifanye za kukimbilia. Mkubwa mpe shikamoo, ungoje marahaba. Muulize habari za nyumbani, za watoto, za afya, na usikilize majibu. Nimewahi kuona kijana akipita mbele ya wazee watano barazani bila neno, kisha akarudi kuwauliza njia. Walimwonyesha, kwa sababu ni waungwana. Lakini walimwonyesha njia tu. Angesalimia kwanza, mmoja wao angeinuka akampeleka, na njiani angemwonyesha nyumba zilizokuwa za nani, kisima kilichofukiwa, dirisha alipomchumbia mkewe.

Nenda ukingali kijana, mwanangu. Miguu inatembea, mgongo unakubali kulala kwenye mkeka, moyo haujazoea kuhudumiwa. Fedha ikija, inakuja na kazi, na kazi inachukua muda. Wengi niliowajua walipopata nauli ya ndege hawakuwa tena na wiki moja ya kupoteza.

Na siku utakayojaliwa ukapata, rudi. Panda gari ya shamba ileile. Nunua sabuni ya mwani kwa yule mama uliyemshikia gunia. Kunywa kahawa kwa muuzaji yule aliyekuacha ukae bila kununua, ulipe na ya wenzako. Lala katika nyumba ya mwenyeji, usimpunguzie bei. Wao hawakukuandikia deni. Liandike wewe mwenyewe, na ulilipe.