Ujumbe usio na isnadi

  

Ndugu Waislamu, makala hii naiandika nikiwa na deni. Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 1445, yaani mwanzoni mwa Machi 2024, kwenye grupu la WhatsApp la msikiti wetu hapa Babati iliingia picha ya ng'ombe aliyekufa kando ya barabara, watu wawili wamemwinamia na visu mkononi. Chini yake paliandikwa kuwa hiyo ndiyo nyama inayouzwa katika bucha moja karibu na stendi, na bucha yenyewe ikaelezwa kwa namna ambayo hakuna mtu wa mjini hapa angeshindwa kuitambua. Mwisho ukaja usemi tunaoujua sote: sambaza Waislamu wasile kibudu, ukinyamaza umeshiriki dhambi.

Niliusoma nikiwa nimetoka kuswali Alasiri. Nikausambaza. Sikumpelekea mtu mmoja, niliurusha kwenye grupu la wafanyabiashara wenzangu wa sokoni, ambamo Waislamu na Wakristo wamo pamoja. Nilijiona nimetimiza wajibu wa kuamrisha mema na kukataza maovu. Na mimi ndiye ninayesomesha darasa la kila Alhamisi baada ya Maghrib!

Mwenye bucha ile ni Muislamu mwenzetu, mzee tunayeswali naye. Ng'ombe wake huchinjwa machinjioni, daktari wa mifugo huikagua nyama na kuipiga muhuri kama ya wenzake wote. Lakini Ramadhani ilipoingia, alikuwa anafungua asubuhi na kufunga jioni nyama ikiwa bado inaning'inia. Mama lishe waliokuwa wakichukua kwake kwa mkopo walihama. Kijana aliyekuwa akimsaidia kukata aliacha kazi. Mzee hakujua aanze kujitetea kwa nani, kwa sababu hakuna aliyekwenda kumshitaki mbele yake. Kila mtu alikuwa amesoma tu.

Katikati ya mwezi alirudi likizo binti wa jirani yetu, anayesoma chuoni masomo ya teknolojia za mawasiliano ya kijamii, yaani jinsi simu, makundi na mitandao inavyowaunganisha watu na kupitisha habari baina yao. Mwalimu wao aliwataka kila mmoja achague ujumbe mmoja uliosambaa kwao, aufuatilie ulikotoka. Yeye alichagua huo wa bucha. Usiku mmoja baada ya Tarawehe akanisubiri nje ya msikiti pamoja na baba yake, daftari mkononi.

“Shikamoo ustadh.”

“Marahaba binti yangu.”

“Samahani, ule ujumbe wa bucha uliupata kwa nani?”

Nikamwambia kwenye grupu la msikiti.

“Na aliyeurusha pale, yeye aliupata wapi?”

Sikuwa na jibu. Akafungua daftari. Alikuwa amechora miduara, kila mduara ni kundi: msikiti, wafanyabiashara, bodaboda wa stendi, kina mama wa VICOBA, waliosoma shule pamoja. Kila mduara ulisimama peke yake. Kati ya mduara wa msikiti na ule wa wafanyabiashara palikuwa na mstari mmoja tu. “Huu mstari ni wewe, ustadh,” akasema kwa adabu, akitazama chini.

Alinieleza kuwa tangu mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kuwa habari haiendi mbali kupitia marafiki wa karibu, kwa sababu hao wanajuana wote na wanaambiana yale yale. Inakwenda mbali kupitia mtu mwenye mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Mtu huyo ni daraja. Bila yeye ujumbe ungezunguka ndani ya kundi moja mpaka uchoke. Kutoka kwa wafanyabiashara ulifika kwa bodaboda, na kwa bodaboda hakuna kijiji cha Babati usichoweza kufika.

Na ile picha? Aliitafuta kwenye intaneti kwa njia waliyofundishwa ya kutafuta picha zinazofanana. Ilikwishatumika miaka ya nyuma, nchi nyingine kabisa, kwa jambo jingine kabisa. Mtu fulani ameitoa huko, akaibandika jina la mahali petu. Nani? Mpaka leo hajulikani.

Kilichonishitua zaidi ni orodha ya waliousambaza. Nilitaraji kukuta wahuni. Nikakuta walimu wa madrasa, mama anayelea mayatima, mzee wa kamati ya msikiti, na mimi. Binti akaniambia hivyo ndivyo ilivyo: uongo wa mgeni hauna nguvu, unapata nguvu unapopita katika simu ya mtu anayeaminika. Aliyeupokea kutoka kwangu hakuiamini picha, aliniamini mimi.

Ndugu msomaji, nilipofika nyumbani sikulala. Nilifungua Suratun-Nur, kwenye aya zilizoteremka kuhusu kusingiziwa kwa mama yetu Aisha (R.A). Kisa tunakijua. Alibaki nyuma ya msafara akitafuta kidani chake, Safwan bin Muattal akamkuta, akampandisha ngamia wake na kumleta kwa heshima. Mnafiki Abdullah bin Ubayy akapata la kusema. Madina haikuwa na simu, lakini maneno yalizunguka kiasi cha mwezi mzima mpaka nyumbani kwa Mtume (S.A.W) pakawa hapakaliki kwa huzuni. Na nani waliyabeba? Hassan bin Thabit, aliyekuwa akimtetea Mtume kwa mashairi. Hamna bint Jahsh. Mistah bin Uthatha, mtu wa Badr! Hawa hawakuwa wanafiki. Walikuwa watu wema waliopokea neno na kulipitisha.

Katika aya ya 15 ya sura hiyo Allah (S.W) anawaelezea kuwa walilipokea jambo lile kwa ndimi zao. Wafasiri wamesimama hapo. Neno hupokewa kwa sikio, inakuwaje lipokewe kwa ulimi? Ni kwa sababu halikukaa sikioni wala kupita moyoni likapimwa. Lilifika na kutoka papo hapo. Nikaangalia kidole changu cha gumba. Ule ujumbe wa bucha nao niliupokea kwa kidole.

Tazama pia Zaynab bint Jahsh (R.A), dada yake Hamna. Alikuwa mke mwenza, na kama kuna aliyekuwa na sababu ya kibinadamu ya kulifurahia neno lile basi ni yeye. Mtume (S.A.W) alipomuuliza, alisema kuwa analinda masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Ndugu wawili wa nyumba moja, habari moja, mmoja akaipitisha na mwingine ikaishia kwake.

Umma huu ndio uliouonyesha ulimwengu namna ya kupima habari. Wanachuoni wetu wa Hadith hawakukubali neno linalonasibishwa na Mtume (S.A.W) mpaka waambiwe limetoka kwa nani, naye kalipata kwa nani, je walikutana, je alikuwa mkweli, je alikuwa na hifadhi nzuri au uzeeni alichanganya. Abdullah bin Mubarak alisema kwa maana kwamba isnadi ni sehemu ya dini, na bila isnadi kila mtu angesema alitakalo. Imam Muslim ameipokea kauli hiyo katika utangulizi wa Sahihi yake. Humo humo imo Hadith kuwa yamtosha mtu kuhesabiwa mwongo akisimulia kila anachokisikia. Haikusemwa ‘akitunga’. Imesemwa akisimulia.

Sasa ilinganishe elimu hiyo na simu yako. Tangu mwaka 2018 WhatsApp huweka alama kwenye ujumbe uliotumwa mbele, na ukishapita mikono mitano au zaidi huwekwa mishale miwili. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo haupelekwi ila kwenye kundi moja au mtu mmoja kwa wakati. Kampuni ya makafiri imetuwekea breki! Lakini alama ile haikuambii nani ameanza wala nani yuko katikati. Ni sawa na mpokezi anayesema ‘nimeambiwa na watu’. Hadith ya namna hiyo mwanachuoni angeiweka kando bila kuinua macho. Sisi tunaipeleka kwa watu mia mbili.

Binti alinisomea pia uchunguzi wa watafiti watatu wa chuo cha MIT, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science. Waliangalia habari zilizosambaa Twitter, mtandao ambao tangu 2023 unaitwa X, kuanzia mwaka 2006 hadi 2017. Uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70. Ya kweli ilichukua muda wa karibu mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Wakadhani labda ni kazi ya roboti. Walipoziondoa akaunti za roboti, hali ikabaki vile vile. Ni wanadamu, kwa kuwa uongo unashangaza kuliko ukweli.

Wapo watakaosema, ustadh unakuza jambo, ni bucha moja tu. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika hadi kuuawa kwa mchungaji. Babati ni mji wa Wairaqw, Wagorowa, Warangi na wengineo, Waislamu na Wakristo, tunauziana na kuoleana. Nilichokirusha kwenye grupu la wafanyabiashara kilikuwa kijiti cha kiberiti. Hakikuwaka kwa fadhila za Allah tu.

Na tukumbuke ndugu zetu wa Rohingya, zaidi ya laki saba waliokimbia Myanmar kuanzia Agosti 2017. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka uliofuata jinsi Facebook ilivyotumika kueneza chuki dhidi yao, na kampuni yenyewe ikakiri kuwa haikufanya ya kutosha kuizuia. Katika misikiti yetu tuliwaombea dua. Lakini miongoni mwa waliosambaza yale maneno kule walikuwamo pia watu wa kawaida, wakidhani wanaihami dini yao.

Sisemi simu ni najisi. Desemba 3, 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuizoa Katesh, watu zaidi ya 80 walifariki, na makundi haya haya ndiyo tuliyokusanyia michango na kuulizana nani amepatikana. Wakati ule ule wengine walikuwa wanasambaza habari za volkano, mpaka ikabidi ielezwe kuwa ni sehemu ya mlima iliyolowa maji ikameguka. Hebu fikiria mtu ambaye mama yake yuko Katesh anayapokea hayo. Qur'an (4:83) inawalaumu wanaolitangaza jambo la amani au la hofu mara tu linapowafikia, badala ya kulirejesha kwa wenye uwezo wa kulichunguza.

Nikarudi kwenye deni langu. Toba ya haki ya Allah ni baina yako na Yeye. Haki ya mja haifutwi kwa istighfari za usiku. Katika Suratul-Baqara aya ya 160, wanaoficha ukweli hawakuondolewa lawama kwa kutubu tu, wametajwa waliotubu, wakasahihisha na wakabainisha. Kubainisha ndiko kugumu. Nimeisoma Hadith ya Samura bin Jundub katika Sahihi Bukhari, ya yule ambaye Mtume (S.A.W) alionyeshwa anapasuliwa shavu kwa ndoano ya chuma mpaka kisogoni, kwa sababu ya uongo uliotoka kwake ukafika pembe zote. Zamani nilikuwa najiuliza uongo wa mtu mmoja utafikaje pembe zote. Siku hizi siulizi.

Niliandika kwenye makundi yote mawili, kwa jina langu, kwamba nilisambaza uongo, na nikaeleza picha ilikotoka. Wengi waliweka alama ya kidole gumba. Binti alifuatilia kama kuna aliyeurusha ujumbe huo kwingine. Hakumpata hata mmoja.

Kumi la mwisho nikaenda kwa mzee buchani. Alinisikiliza huku akifuta meza ambayo haikuwa na nyama. “Ustadh, mimi nimekusamehe,” akasema, “huu ni mwezi wa kusameheana. Lakini kuna familia ya Magugu walikuwa wameniagiza ng'ombe wa harusi baada ya Idi, wakaghairi. Wale utawaambia wewe?”

Baada ya Idi nilipanda Hiace hadi Magugu. Nikawapata, tukakaa barazani, nikawaeleza. Baba mwenye nyumba akaniambia kuwa wao hawakusoma kwenye simu, waliambiwa kwa mdomo na shemeji yao wa Galapo, ambaye naye aliambiwa na dereva wa bodaboda. Galapo nimekwenda mara mbili. Shemeji nimempata, dereva bado.