Fundo la Khanga

Nyumba yetu ya Katubuka haiko mbali na uwanja wa ndege wa Kigoma. Ndege ikishuka mazungumzo yanakatika, sufuria zinatetemeka kidogo, kisha maisha yanaendelea. Bibi ameishi na mlio huo miaka mingi, lakini ndege yenyewe alikuja kuipanda uzeeni, alipokwenda Ulaya kumwona shangazi.

Kwenye uwanja mmoja mkubwa wa ng'ambo alisimamishwa ndani ya kibanda cha kioo, mikono juu. Kwenye skrini ukatokea mchoro wa mtu asiye na sura, na kiunoni pake mraba wa njano. Bibi, mtoto wa Ujiji, alikuwa amefunga pesa kwenye pindo la khanga, chini ya baibui. Binti wa ulinzi akampapasa, akafungua fundo, noti zikaonekana mbele ya foleni nzima. Aliporudi alisema tu, "Wamenifungua fundo langu." Mpaka leo haongezi neno.

Mdogo wangu, anayesoma fizikia chuoni, alitaka kumpoza. "Bibi, hakuna mtu aliyekuona. Mashine inaonyesha mchoro tu."

"Kama haikuniona, mume wangu, ilijuaje nina fundo?"

Mimi ni mtu wa vitabu, lakini swali hilo lilinipeleka kwenye fizikia. Mashine za viwanjani kwa kawaida hutumia mawimbi ya milimita. Juu yao kidogo, kati ya maikrowevu na infraredi, kuna mawimbi ya terahezi. Hupenya kitambaa, karatasi na plastiki; chuma huyarudisha, maji huyameza. Mwili wetu una maji mengi, kwa hiyo yanaishia kwenye ngozi. Hata hewa ya masika huyadhoofisha.

Kwa muda mrefu shida ilikuwa kuyazalisha: yana kasi mno kwa saketi za redio, na ni ya polepole mno kwa leza za kawaida. Mojawapo ya njia zilizopatikana inanifurahisha kila nikiifikiria. Kaa ufukweni Kibirizi jioni, maboti mawili ya injini yakipita sambamba kwa mwendo unaokaribiana. Kila injini ina mlio wake, lakini utasikia pia mvumo unaovimba na kunywea, ambao hakuna injini moja iliyoutoa peke yake. Unatokana na tofauti yao. Leza nazo ni hivyo hivyo. Chukua mwanga wa nanomita 1550 na mwingine wa 1558, uvielekeze pamoja kwenye kipande maalumu cha semikondakta, na umeme ndani yake utapiga karibu mara trilioni moja kwa sekunde, yaani terahezi moja. Sogeza rangi moja kidogo tu, wimbi linabadilika. Mafundi wengine huzizalisha rangi zote mbili ndani ya leza moja, ili zikitikisika zitikisike pamoja na tofauti ibaki palepale. (Ndugu wengi wa tumbo moja wangependa siri hiyo.)

Sasa sikilizeni, wapenzi wa vitabu. Mwaka 2016 watafiti wa MIT na Georgia Tech walitumia mawimbi ya terahezi kusoma herufi kwenye rundo la karatasi bila kulifungua. Kila karatasi ilikuwa na herufi moja, nao walifanikiwa kwa kurasa 9 za juu. Nilishangilia kwanza, nikifikiria miswada mikuukuu inayobomoka ukiigusa. Halafu nikafikiria barua. Bahasha nayo ni nguo.

Wapo watakaonijibu kwamba mficha uchi hazai, na wana hoja: anayekagua abiria analinda roho za watu, bibi yangu akiwamo. Tena wakaguzi wamejifunza. Marekani iliondoa mwaka 2013 mashine za eksirei zilizokuwa zikionyesha miili ya abiria, na zilizobaki zikachora ule mchoro usio na sura. Maana yake walikubali kuwa jicho la mtu lina uzito. Lakini bibi hakulalamikia jicho. Anachodai ni kwamba sitara huvunjika pale jambo lako linapojulikana bila wewe kulisema, hata kama aliyejua ni chuma.

Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Naona aibu yake ilizaliwa na ujuzi nusu: mashine ilijua kuna kitu, haikujua ni kitu gani, ndiyo maana mkono wa mtu ukaingia. Baadhi ya vilipuzi vina namna yake ya kumeza terahezi, tofauti na karatasi. Mashine inayojua zaidi ingemwacha apite. Je, ni bora kujulikana kabisa bila kuguswa?

Nilimuuliza hivyo juzi, tukichambua dagaa uani.

"Yaani ingejua ni pesa?"

"Ingejua si bomu, bibi."

"Na kiasi chake?"

Nikamtazama mdogo wangu. Akasema bado, labda.

"Labda," bibi akarudia. Akajifuta mikono, akalipapasa pindo lake kama fundo lipo, akaomba tumsogezee ungo.